Viwavi wa Sahani Namba Saba

Nilisimamishwa shule kwa wiki mbili kwa kosa la mito.

Kosa hilo nalieleza kwa kifupi, kwa kuwa silo lililonifanya nikae chini kuandika. Nilipata karatasi yenye nembo ya shule, sitasema wapi, nikaandika tangazo kwamba kwa agizo la wakubwa kila mwanafunzi alete mto wake uwanjani Jumamosi saa mbili asubuhi upimwe uzito, na mto utakaozidi kilo moja na nusu utahesabiwa kuwa hatari kwa shingo. Nikalibandika ubaoni. Jumamosi wasichana mia mbili walipanga mstari wakiwa wamekumbatia mito. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni makamu mkuu wa shule kutoka stoo na mizani ya maharage na kuanza kupima. Alikuwa amefika mto wa thelathini na mmoja, na minne imeshafeli, ndipo mkuu wa shule alipotokea na kuuliza kulikoni.

Shuleni wananiita Tume, kwa sababu kila likitokea jambo huundwa tume ya uchunguzi, na tume hizo zote huishia kitandani kwangu. Hiyo ya mito haikumaliza hata saa moja.

Mama alikuja kunichukua akiwa bado amevaa koti lake jeupe la kazini. Tulifika nyumbani. Akaweka funguo mezani.

"Hapa nyumbani hakuna mtu," alisema. "Babu yako yuko wodini, mimi saa moja asubuhi niko kazini. Nikikuacha peke yako nitarudi nikute umeuza paa."

"Paa nani atalinunua, Mama."

"Wewe mteja humkosi. Kesho tunakwenda wote."

Mama ni mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa. Chumba chake kiko ghorofa ya chini, mwisho wa ujia unaonuka dawa ya kusafishia sakafu, mlango wa tatu baada ya stoo ya mashuka. Ndani kuna meza ndefu mbili, majokofu matatu, kabati la joto linalokoroma kama mtu aliyelala chali, na mstari mwekundu uliopakwa sakafuni toka ukuta huu hadi ule.

"Unauona huo mstari?" Mama aliniuliza.

"Nauona."

"Huku kwangu kuna bakteria. Huko kwako kuna viwavi. Ukivusha hata kidole, adhabu yako utaimalizia stoo ukikunja mashuka."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika wodi ya upasuaji ya wanaume walikuwamo wagonjwa wanane ambao vidonda vyao vilikutwa na bakteria wasiosikia dawa. Mama alininyanyulia sahani moja nikaitazama kwa mbali. Bakteria walikuwa wameota kama uji uliopakwa mwembamba, na juu yake kulikuwa na vikaratasi vya mviringo, kila kimoja kama kifungo cha shati, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Dawa inapofanya kazi, bakteria hukimbia na kuacha duara tupu kuzunguka kikaratasi. Kwenye sahani ile hapakuwa na duara hata moja. Wameota mpaka ukingoni mwa vikaratasi, kama wanafunzi waliozoea kengele.

"Kwa hiyo wote watakufa," nikasema.

"Nani, bakteria?"

"Wagonjwa."

Mama akairudisha sahani mahali pake. "Mwenye kichwa kigumu si lazima awe katili. Wewe humsikii mwalimu, lakini hujawahi kumvunja mtu mkono. Yuko mwenzako, naye hasikii, na kila wiki kuna mtoto kapasuliwa mdomo. Hivi vikaratasi vinaniambia nani hasikii. Haviniambii nani anaumiza. Hilo nitaambiwa na viwavi."

Viwavi hao ni watoto wa nondo anayekula nta kwenye mizinga ya nyuki. Wana rangi ya maziwa, urefu wa ncha ya kidole cha mwisho, na hawana kazi duniani isipokuwa kula. Tuliwafuga kwenye chupa pana zenye pumba na asali. Mwilini mwao wana ulinzi unaofanana kidogo na wetu, ndiyo maana wamepewa cheo hicho cha kufa kwa niaba ya binadamu. Unachukua viwavi kumi, unamchoma kila mmoja kiasi kilekile cha bakteria wa mgonjwa fulani, unawaweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu, kisha unahesabu baada ya siku moja na baada ya mbili. Aliyekufa huwa mweusi kama mbegu ya papai, na ukimgusa hajikunji.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua viwavi, kuwapima, na kuwapanga kumi kumi kwenye sahani tisa: nane za wagonjwa, na ya tisa ya wale watakaochomwa maji ya chumvi tu, ili tujue kama sindano yenyewe inaua. Kila kiwavi awe na miligramu mia mbili hamsini, akizidi au akipungua isiwe zaidi ya kumi. Uzito wa kila mmoja niuandike daftarini.

"Na namba za sahani?" niliuliza siku ile ya kwanza.

"Namba hubandikwa mwisho, sahani zikishajaa. Anayechagua viwavi hatakiwi kujua nani anakwenda kwa nani."

Nikaitikia kwa heshima zote. Nilipenda hata namna alivyolisema.

Saa za mchana nilipanda kwa Babu. Babu ni baba yake Mama. Alikuwa mpima ardhi, na mpaka leo akiingia chumbani hutazama kwanza kama kuta zimenyooka. Aliteleza bafuni akavunjika mguu, wakamtia chuma, mfupa ukaunga vizuri lakini kidonda kikakataa kufunga. Kitanda chake kilikuwa cha kumi na mbili. Cha kumi na tatu alilala fundi cherehani, mwanamume wa makamo aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, naye alikuwa akihesabu siku za kurudi nyumbani.

"Huyu ndiye Tume?" Fundi alimuuliza Babu.

"Ndiye. Mto wako ushikilie."

"Aupime tu. Mto wenyewe wa hospitali, ukiupiga chafya unahama wodi." Akanitazama kuanzia juu hadi chini, wala si kwa ubaya, bali kama fundi. "Hiyo sketi ilishonwa na mtu mwenye hasira."

"Ni ya shule."

"Basi nimesema kweli."

Kati ya vitanda vyao waliweka kiti, na juu ya kiti ubao wa drafti waliouchora wenyewe kwenye boksi la dawa. Kete zilikuwa vizibo vya soda. Babu alikuwa mwizi wa kete na Fundi alikuwa mwizi zaidi, na muuguzi kila akipita aliwaambia wanawe mikono. Walinawa alipokuwa anawatazama.

Jumanne, siku yangu ya pili pale, alikuja daktari wa maambukizi, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Alisimama katikati ya wodi akaeleza mambo waziwazi. Wenye bakteria sugu ni wanane. Vyumba vya kutengwa ni viwili. Maabara italeta majibu Ijumaa, na wawili watakaoonekana kuwa na bakteria wakali kuliko wote ndio watakaoingia humo, ili wasiwaambukize wengine. Waliobaki watakaa wodini, kwa glavu na sabuni.

Babu alisubiri daktari aondoke. Kisha akaniita nisogee.

Vyumba hivyo viko mwisho wa wodi, na kila kimoja kina dirisha kubwa la kioo kwa ajili ya jamaa kuchungulia. Bibi alifia katika kimojawapo miaka mitatu iliyopita. Alikaa humo siku kumi na moja, sisi tukimpungia mkono kutoka nje. Siku ya mwisho alisema jambo. Tuliona midomo ikicheza, sauti haikupita. Babu anashikilia kwamba Bibi alikuwa anaomba maji. Mama anashikilia kwamba alikuwa anaaga. Hawajawahi kukubaliana, na nyumbani kwetu haizungumzwi.

"Bibi mdogo," Babu aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wakinipeleka kule, tuagane kabisa kabla mlango haujafungwa. Kufa sikatai. Nakataa kufa huku nachezesha midomo kama samaki."

"Hawatakupeleka."

"Wewe umekuwa mkurugenzi lini?"

Jalada lake lilining'inia miguuni mwa kitanda. Kwenye kona palikuwa na kibandiko kidogo cha njano, cha aina ileile ya maabara. Sampuli namba 7.

Jumatano asubuhi simu ya Mama ililia tangu alipofungua mlango. Mwenzake wa zamu alikuwa likizo ya uzazi, kwa hiyo kazi ya watu wawili ilikuwa ya mmoja. Akiwa na simu begani, akanirushia roli ya vibandiko kuvuka mstari.

"Bandika na namba, utaniokolea dakika kumi. Lakini mwisho, sawa?"

"Sawa, Mama."

Nikabandika kwanza.

Sasa naeleza nilivyofanya, hatua kwa hatua, kama nilivyofundishwa kuandika maelezo. Chupa ya kwanza ilikuwa na viwavi walioshiba. Ya pili niliisahau tangu Jumatatu, pumba ikawa imekwisha, na waliokuwa humo walikuwa wembamba na wazito wa kugeuka. Nilichopaswa kufanya ni kuimwaga ya pili na kumwambia Mama. Badala yake nilichagua kutoka chupa ya kwanza kumi wanene kuliko wote, wale ambao ukiwagusa wanakasirika. Mizani ilisoma mia tatu na kumi, mia tatu kumi na nane, na bwana mkubwa mmoja alifika mia tatu ishirini na tano. Hao wakaenda sahani namba saba. Wenye njaa niliwagawa katika sahani nyingine za wagonjwa bila upendeleo, kila sahani ikapata fungu lake, maana hata katika udanganyifu nilijiona mtu wa haki.

Daftarini sikuandika mia mbili hamsini mara kumi. Anayeghushi kwa uvivu hukamatwa haraka. Niliandika 251, 248, 253, 250, 247, na nyingine za namna hiyo, uzito wa viwavi wenye tabia njema.

Mtu ataniuliza kama nilijua ninachofanya. Nilijua nusu. Nilijua kwamba wanene watastahimili, na Babu hataingia chumba cha kioo. Nusu ya pili, kwamba bakteria mkali hubaki mkali hata daftari likimwita mpole, niliipa mgongo.

Niliweka trei juu ya mstari mwekundu. Mama akaichukua upande wake, akapitisha macho daftarini.

"Mwandiko wako mzuri kuliko wangu," alisema. "Ungetulia, ungefika mbali."

Alifanya kazi mpaka saa sita, ameinamia sindano, anachoma kiwavi mmoja mmoja kwenye mguu wa nyuma. Hakukosea hata mmoja.

Ijumaa alisoma majibu ya siku ya pili, mimi nikaandika. Alikuwa akitoa sahani kabatini, anamgusa kila kiwavi kwa kibano, anahesabu.

"Maji ya chumvi, hakuna aliyekufa. Namba moja, wamekufa wanne. Namba mbili, wanne. Namba tatu, wanane." Akaendelea hivyo. "Namba tano, wamekufa saba. Namba sita, watatu."

Akachukua ya saba. Akawagusa wote, kisha akarudia kuwagusa.

"Namba saba, amekufa mmoja."

Akanigeuzia mgongo, akajifuta macho kwa bega la koti, kwa kuwa mikononi alikuwa na glavu. Sahani hazikuwa na majina, lakini Mama alijua ni ipi iliyokuwa ya baba yake. Alijua tangu Jumatatu, na alikuwa amechoma, amehesabu, amengoja kama vile hajui. Nilimwona hivyo nikasema moyoni kwamba nimefanya jambo jema.

Mchana huo namba tatu na namba tano wakahamishiwa vyumba vya kioo. Namba tano alikuwa dereva wa lori. Alikwenda analia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake. Babu alibaki kitanda cha kumi na mbili.

"Mkurugenzi," aliniambia, akanibusu kipajini.

Fundi naye alifurahi, akamwambia Babu, "Mimi Jumatatu naondoka. Ungekwenda leo, ningecheza na nani? Huyu wa kumi na nne hata kuiba hajui."

Jumamosi na Jumapili walicheza drafti tangu chai mpaka chakula cha jioni. Niliwaamulia ugomvi mara tatu. Babu alikuwa akijikuna pembeni mwa bandeji, kisha anasogeza kete. Fundi anaichukua kete, anaicheka, kisha anajishika tumboni pale penye mshono kwa sababu kucheka kulimuuma. Nilikuwa nimekaa palepale. Niliona kila kitu na sikuona kitu.

Jumatatu Fundi hakuondoka. Asubuhi nilimkuta amejifunika mablanketi mawili, meno yanagongana.

"Baridi ya kuagwa," alisema. "Kitanda kimenizoea, hakitaki niondoke."

Siku hiyohiyo Mama alirudia jaribio la viwavi, kwa kuwa katika kazi yao jaribio lililofanywa mara moja halihesabiki. Nilijitolea kupima. Nilijitolea kwa bidii mno.

"Leo nitapima mwenyewe," alisema. "Wewe kakae na Babu yako."

Nikapanda ngazi nikiwa najua kitakachotokea Jumatano, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliouibia. Jumanne Fundi hakuwa anatania tena. Walimtia dripu mikono yote miwili. Daktari alikuja mara mbili, akachukua damu, akabadilisha dawa, akaibadilisha tena. Mke wa Fundi alikaa kwenye kile kiti cha drafti, ubao wameuegemeza ukutani, akawa anamkanda miguu kwa sababu Fundi alisema haisikii.

Jumatano saa nne asubuhi Mama aliniita maabara. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameketi mezani na daftari limefunguliwa, kurasa mbili zikitazamana.

"Njoo unisaidie kufikiri," alisema. "Wewe una akili za kuzunguka. Namba saba, wiki iliyopita, amekufa mmoja kwa siku mbili. Namba saba, safari hii, wamekufa tisa kwa siku moja. Tatu na tano wamekuwa wapole. Damu ya yule jirani yake Baba imeota usiku wa kuamkia leo, na vikaratasi vyote havina duara. Nimewalinganisha, ni haohao wa namba saba."

Nilihamishia macho kwenye kabati la joto.

"Bakteria hawabadiliki hivyo kwa siku tano. Kwa hiyo kosa liko kwetu. Viwavi ulipima vizuri, nimeona. Inabaki sindano." Alitazama mkono wake wa kulia kama kitu alichoazimwa. "Nilijua ni Baba. Pengine mkono ulitetemeka. Pengine niliwachoma kidogo bila kujua, kwa kutaka wapone. Inatokea."

Akachukua kalamu.

Watu hudhani mtundu huogopa kukamatwa. Hapana. Mtundu anajua kukamatwa kulivyo, ameshazoea. Asichokijua ni kukaa anatazama mtu mwingine akijikamata kwa kosa lake. Mama aliandika tarehe. Akaandika: Kosa la mchomaji.

"Mama, usiandike."

"Kwa nini?"

"Sindano haina kosa. Viwavi wa saba walikuwa wanene. Niliwachagua."

Kalamu ilibaki hewani. "Wanene kiasi gani?"

"Mia tatu na kitu. Mmoja mia tatu ishirini na tano."

"Hapa pameandikwa mia mbili hamsini na moja."

"Niliandika mimi."

"Na sahani nyingine?"

"Nilichanganya wenye njaa. Wa chupa ya pili. Nilisahau kuwalisha."

"Namba ulibandika lini?"

"Kwanza."

Simu ililia ikakoma. Ikalia tena. Nilikuwa nimesimama upande wangu wa mstari, nikitazama ncha za viatu vyangu.

"Ulivuka?" Mama aliuliza.

"Sikuvuka."

"Hapana," alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Hukuvuka."

Katika daftari la maabara hakifutwi kitu. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba, ili kilichokuwepo kiendelee kusomeka, unaandika pembeni kilicho sahihi, na kutia saini. Mama alinipa glavu na kalamu, akanisogezea daftari mpaka juu ya mstari. Nilipiga mistari. Niliandika uzito wa kweli pale nilipoukumbuka, na pale nisipoukumbuka niliandika sikumbuki. Ilinichukua karibu nusu saa. Nilipomaliza, Mama aliandika chini yangu kwa mwandiko wake mbaya: Namba zilibandikwa kabla ya sahani kujaa. Kazi hii nilimwachia mtoto asiye na mafunzo. Nimeruhusu mimi. Akatia saini.

Tukapanda wote kwa daktari. Alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akakaa akausoma tena.

"Dereva na yule wa namba tatu watoke vyumba vya kutengwa leo," alisema. "Namba saba aingie sasa hivi. Na yule fundi aingie kile kingine." Akamtazama Mama. "Dada, hii siwezi kukaa nayo. Lazima niipeleke juu."

"Nimekuletea ili uipeleke."

Kisha daktari akanigeukia. Alinitazama kama unavyotazama kitu kilichoanguka kutoka kwenye mfuko wa mtu mwingine.

Babu niliomba kumwambia mwenyewe. Walikuwa wameshamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, jalada mapajani. Pazia la kitanda cha kumi na tatu lilikuwa limevutwa, na nyuma yake alisikika mtu akihema kwa shida, kama anayepanda ngazi zisizoisha.

"Nasikia maabara imebadilisha mawazo," Babu alisema. "Nani kakosea?"

Nikamwambia. Nilisema yote: chupa, mizani, kibandiko cha njano. Sikupamba.

Alitazama ukuta, safari hii bila kupima kama umenyooka.

"Nilikwambia naogopa," alisema mwishowe. "Sikukwambia umpe Fundi."

"Sikujua kwamba itakwenda kwa Fundi."

"Ulidhani itakwenda wapi?"

Nilitazama pazia la kitanda cha kumi na tatu.

"Jana aliniuliza kama homa yake inaambukiza," Babu alisema. "Alitaka nisogeze kitanda. Aliogopa asije akanipa."

Muuguzi akamsukuma. Mlango wa chumba cha kioo ulifungwa, nami nikabaki nje. Hatukuagana. Babu hakugeuza uso dirishani siku hiyo, wala Alhamisi.

Fundi alifariki Ijumaa saa tano asubuhi, katika chumba cha pili.

Mimi nilitakiwa kurudi shule Jumapili. Ijumaa mchana Mama aliitwa ofisi za juu, akaniambia nimsubiri kwenye benchi la ujia, nisitoe hata mguu. Kwenye benchi hilohilo alikuja kukaa mke wa Fundi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye kandambili za mumewe na redio ndogo, na karatasi mkononi. Aliniona, akanitambua.

"Wewe si mjukuu wa yule mzee? Afadhali. Nisomee hii, mwanangu. Mwandiko wa madaktari siuwezi."

Niliichukua. "Sababu ya kifo: maambukizi ya bakteria sugu katika damu."

"Sugu maana yake?"

"Wasiosikia dawa, mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Alikuja hapa na ngiri. Alitembea mwenyewe, mimi nilibeba mkoba tu. Hao wa damu aliwapata wapi? Nimemuuliza nesi, kasema inatokea. Nimemuuliza daktari, kasema watanieleza wiki ijayo. Nitawaambia nini watoto, kwamba inatokea?"

Kusema kweli nilikuwa na majibu manne tayari, na yote yalikuwa mazuri. Hewa ya hospitali. Vyombo vya upasuaji. Mwili ulikuwa umechoka. La nne lilikuwa kusema sijui, ambalo ni bora kuliko yote kwa kuwa halina ushahidi. Yalinijia yenyewe, yamepangwa, kama mito mikononi mwa wasichana. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa na Mama hakuwa ameonekana bado.

"Aliwapata kwa babu yangu," nikasema. "Babu alitakiwa kutengwa tangu Ijumaa iliyopita. Mimi nilighushi uzito wa viwavi wa maabara ili asitengwe. Akabaki kitanda cha kumi na mbili. Wakacheza drafti."

Hakupiga kelele. Alinitazama usoni, kisha akatazama sare yangu ya shule, kisha usoni tena, kama mtu aliyesikia lugha anayoijua kidogo. Mfuko wa plastiki alikuwa ameupakata. Akaushusha sakafuni, taratibu, redio isigonge.

"Viwavi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Rudia. Polepole, na usiruke kitu. Nitakuwa nawaeleza watoto."

Nikaanza tena, kuanzia zile chupa mbili.